Sanaa inalisha nani? Maneno yetu kwa vijana wa Goma



Tuko wengi hapa wenye diploma ndani ya kabati na mikono bila kazi. Kila tukitaja sanaa, wakubwa wanatuambia: kuimba hakulishi mutu. Basi leo tuhesabu pamoja, bila hasira.

Munakumbuka Novemba 2012, vile mji wetu ulianguka. Tamasha Amani lilipangwa mwaka 2013, vita ikalisogeza mbele. Februari 2014 likafunguliwa pale Collège Mwanga: siku tatu, kingilio dolari moja. Watu wakajaa. Wengi waliangalia jukwaa. Sisi tuangalie nyuma ya jukwaa.

Siku za tamasha, motari anabeba watu. Mama anauza mishikaki na sambusa. Mutu wa chukudu anasukuma kreti za vinywaji. Kuko seremala, kijana wa sono, mwenye kuchapa tisheti, mulinzi, mwenye hoteli. Muandaaji ni shirika lisilotafuta faida, lakini hao wote wanatafuta faida, na wanaipata.

Tena kuko kazi inayobaki kisha jukwaa kubomolewa. Yole!Africa imefundisha vijana wa mji huu filamu, muziki na ngoma. Kijana akijua kushika kamera, Jumamosi anapiga filamu ya harusi, Jumatatu anatengeneza video ya biashara ya mutu. Hana mushahara wa serikali, lakini watoto wake wanasoma.

Lakini tusidanganyane. Wewe wa Himbi, feza uliyotumia pale tamashani, pengine ungeitumia mahali pengine humu mjini. Hiyo imehama mufuko tu. Faida kubwa kwa jimbo ni feza inayotoka nje: mugeni anayelala hoteli, mufadhili anayelipa mafundi wa hapa. Na hiyo nayo inakimbia haraka: vyombo vikikodishwa Kigali ao Kampala, feza inavuka mupaka siku ileile.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa serikali: sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inatambua mashirika yasiyotafuta faida. Iheshimiwe. Kama kuko kodi, ijulikane mbele ya siku, ilipwe ofisi moja, risiti itoke. Isikuwe kila agenti anafika mulangoni na karatasi yake.

Kwa wenye mashirika: mutangaze hesabu. Feza ngapi iliingia? Ngapi ilibaki kwa wenyeji? Mafundi wa hapa wapewe nafasi ya kwanza, na pale hawajui, wafundishwe. Na kijana mwenye kujitolea apewe chakula na feza ya moto. Kumutumikisha kutwa na arudi kwa miguu na njaa, hiyo haiitwe kujitolea.

Kwetu sisi wenyewe: tuache kutafuta mualiko wa bure. Tunapiga kelele kwamba kazi hakuna, kisha tunaruka ukuta wa yule anayejaribu kuiumba. Mwenye anaweza kulipa, alipe. Mwenye anajua kuhesabu, aende kusaidia hesabu. Diploma zetu za uchumi zitumike hata mara moja!

Na kesho mutu akikuuliza tena sanaa inalisha nani, usibishane naye. Mupeleke kwa mama wa mishikaki, amuulize aliuza ngapi.