Makampuni ya Ujenzi: Kununua Kompyuta Siyo Kuwa Tayari
(Mazungumzo yaliyotolewa Ghala, Maskat)

Wazee wangu na ndugu zangu mliofika hapa Ghala, pamoja nanyi mtakaoyasoma haya mkiwa Unguja, Pemba, Dar na kwengineko,

Nimetakiwa nijibu suali hili: jee, makampuni ya ujenzi yako tayari kwa teknolojia mpya? Naona mengi bado, na sababu siyo uhaba wa mashine.

Mashine zipo. Mwaka 2021, hapa hapa Oman, chuo kikuu cha GUtech kule Halban kilijenga nyumba ya mita za mraba 190 kwa mashine inayochapa kuta za zege. Kilifi, Kenya, mradi wa Mvule Gardens wa nyumba 52 ulitumia njia hiyo hiyo.

Sasa tazameni kampuni ya kawaida. Mimi kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilinunua programu ya bei kubwa ya kuchora jengo zima ndani ya kompyuta. Mhandisi akibadilisha mchoro ofisini, fundi kule saiti anajenga kwa karatasi ya wiki iliyopita. Ukuta mmoja ulivunjwa mara mbili kupitisha bomba. Programu ilikuwa nzima. Hakukuwa na mtu wa kupeleka mchoro mpya na kuondoa wa zamani.

Kwa hivyo anayeipima kampuni aulize mambo manne. Kwanza, jee michoro na hesabu ziko pahala pamoja, na kila mtu anaujua mchoro wa mwisho? Pili, nani kasomeshwa: mhandisi peke yake, au na msimamizi wa saiti kwa lugha anayoifahamu? Tatu, kampuni inalipwa kwa wakati? Inayongojea pesa zake kwa miezi haina cha kusomeshea watu. Nne, mwenye mradi anaidai teknolojia hiyo?

Hili la nne ndilo la siasa. Uingereza mwaka 2016 iliweka sharti kwa miradi ya serikali kuu. Makampuni yalijifunza kwa sababu bila ya hivyo kazi haipatikani.

Nyumbani hatuna muda wa kuchezea. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu 2 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka Kariakoo. Sisemi kompyuta ingeyazuia hayo. Nasema jengo lenye kumbukumbu zilizokamilika, mkaguzi ana pa kuanzia, na aliyekosea hana pa kujificha.

Serikali zetu zikikaa kimya, makampuni ya nje yatakuja na wataalamu wao, na vijana wetu watabaki kubeba saruji ndani ya nchi yao. Zianze kudai michoro hii kwenye skuli na hospitali zinazojengwa kwa fedha za umma, na zilipe kwa wakati. Nanyi wenye makampuni hapa, kila mmoja amchukue japo kijana mmoja amfundishe.

Sasa nangojea hoja zenu.