KURUDI KWA MATEKA
Hotuba iliyotolewa katika Ibada ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Zaburi ya 126 huanza na furaha ya mateka waliorudi kwao. Lakini katikati yake watu hao hao wanamwomba Mungu awarejeze. Kumbe kufika nyumbani ni jambo moja, na kurejezwa ni jingine.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza Edwin Rowland Moon alikuwa rubani wa ndege za majini katika nchi yetu. Alikuwa fundi wa Southampton aliyejiundia ndege yake mwenyewe. Januari 1917 ndege yake ilipata hitilafu, akatua katika delta ya Rufiji pamoja na Kamanda Bridgeman. Walitangatanga kwenye mikoko bila chakula, wakaunda chelezo, maji yakawachukua hadi baharini. Moon alijitahidi kumwokoa mwenzake asiweze, Bridgeman akafa. Yeye alitupwa ufukoni, akawa mateka wa Wajerumani.

Baadaye aliachiliwa, akarudi kwao, akatunukiwa nishani ya DSO. Akarudia urubani. Tarehe 29 Aprili 1920 alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, akiwa na umri wa miaka 33. Kaburi lake limewekwa pangaboi la ndege.

Ndugu zangu, hayo si mageni kwetu. Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai chini ya kifusi baada ya siku 41. Taifa zima lilishangilia. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Kutoka Shinyanga hadi Geita, wangapi wameokolewa katika maduara, kisha wakashuka tena kwa sababu hiyo ndiyo kazi waijuayo na watoto wanataka kula?

Siwalaumu. Najilaumu mimi mchungaji, niliyewahi kufanya ibada ya shukrani kwa mtu aliyeokolewa, nisirudi tena kubisha hodi kwake.

Kwa hiyo, tunapoanza karne ya pili, ombi langu ni dogo. Siku ya 41 tushangilie pamoja na wote. Siku ya 42, wengine wakishaondoka, Mzee wa Kanisa abishe hodi.

Mungu aubariki usharika wetu. Amina.