Upasuaji Hauishii Hospitalini

(Hotuba ya mratibu wa afya kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumezoea kushangilia mgonjwa anaporudi nyumbani na nyonga au goti la bandia, maana ni michango yenu iliyomsimamisha. Leo naomba tuzungumzie yanayofuata baada ya shangwe hizo.

Mama mmoja wa kigango chetu alibadilishiwa goti. Wiki ya pili mshono ukaanza kutoa majimaji. Jirani akamnunulia vidonge dukani, majimaji yakapungua, nasi tukafurahi. Baada ya miezi mitatu goti likavimba, maumivu yakawa usiku na mchana. Nauli ya kurudi hospitali haikuwemo katika bajeti yetu. Tulipoipata, tulikuwa tumechelewa: kiungo kizima kikatolewa. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliopanga safari ya kwenda tu.

Kwa nini vidonge havikutosha? Kiungo bandia ni chuma na plastiki, hakipitishi damu. Bakteria, mara nyingi wale wanaoishi kwenye ngozi zetu wenyewe, wakishajishikiza juu yake hujijengea utando. Humo dawa haiwapati vizuri, wala kinga ya mwili haiwafikii. Vidonge hutuliza dalili tu, tena huweza kuwaficha bakteria wasionekane maabara.

Mgonjwa akiwahi, daktari anaweza kufungua, kusafisha, kubadilisha kipande cha plastiki na kukiokoa kiungo. Akichelewa, mara nyingi kiungo hutolewa, saruji yenye dawa huwekwa mahali pake kwa wiki kadhaa, kisha hufanyika upasuaji mwingine wa kuweka kipya. Huo ni mzigo mkubwa kwa mgonjwa na kwa mfuko wetu.

Ndugu zangu, maambukizi haya yanazuilika. Katika miaka ya 1960, Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliona karibu wagonjwa 7 kati ya 100 waliowekewa nyonga wakipata maambukizi. Alisafisha hewa ya chumba cha upasuaji na kuboresha mavazi ya wapasuaji, na idadi ikashuka chini ya 1 kati ya 100. Siku hizi mgonjwa hupewa pia dawa ya kuua bakteria kabla ya kukatwa. Hiyo ni kazi ya hospitali. Yetu ni hii:

Kwanza, kabla ya safari. Mwenye kisukari apime na kuthibiti sukari yake. Mvutaji aache sigara. Vidonda vya miguu na meno yaliyooza vitibiwe. Mgonjwa aoge kwa sabuni, wala asijinyoe kwa wembe sehemu ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilikataza jambo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2016.

Pili, baada ya kurudi. Mjumbe mmoja amtembelee mgonjwa kila wiki. Akiona mshono unatoa majimaji au usaha, wekundu unaoenea, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, asimpeleke dukani. Ampigie simu daktari aliyempasua siku hiyo hiyo. Hata baada ya miaka, kidonda cha mguuni kinaweza kupeleka bakteria kwenye kiungo kwa njia ya damu. Kwa hiyo kisipuuzwe.

Tatu, na hili ni ombi langu kwa wafadhili: kila mnapochangia upasuaji, tengeni pia nauli ya mgonjwa na msindikizaji ya kurudi hospitali, hata kama haitatumika. Isipotumika, itamsubiri mgonjwa mwingine.

Msamaria Mwema hakumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni na kumsahau. Aliacha fedha, akaahidi kurudi. Nasi tufanye vivyo hivyo.