ANDIKA ULICHOKIONA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Karatina)



Sisi watu wa reli tumefundishwa hivi: penye njia moja, kama hii ya Karatina mpaka Kiganjo, gari haliondoki mpaka stesheni ya mbele imekubali, na saa imeandikwa. Basi kwa nini mgonjwa wa akili aruhusiwe kwenda nyumbani bila barua?

Mwenzetu mmoja alirudi namna hiyo. Mkewe hakuambiwa dawa zitakwisha lini. Zahanati ya karibu haikuwa na habari zake. Dawa zikaisha, akaanza kukesha, akagawa vyombo vyake vya kazi. Sote tuliona, hakuna aliyesema. Jirani alimkuta mtoni alfajiri, akamrudisha. Tunamshukuru Mungu, lakini bahati si utaratibu.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, usiandike "ana kichaa." Andika tarehe, hakulala siku ngapi, alisema nini, na daftari hilo aende nalo kwa daktari. Pili, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali halimtii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kahawa zifungiwe, apelekwe hospitali siku ile ile. Akikataa, ulizeni tena siku nyingine, maana hatari ya Jumatatu siyo ya Ijumaa. Tatu, daftari litunzwe. Si habari ya kilabuni.

Watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba. Basi tusifichane tena.