Shahada ya Uuguzi Si Sindano Pekee
(Maneno ya muuguzi wa afya ya jamii kwa wazazi na vijana wa Kibokoni)



Juzi mama mmoja hapa mtaani aliniuliza: "Kudunga sindano ndiko kusomewe miaka 4?"

Mama, kwanza husomwa mwili wenyewe na vijidudu viuguzavyo. Kisha dawa, ukunga, watoto, afya ya akili, hata utafiti. Wodini nako kuna zamu, usiku na mchana. Lakini nilipopenda mimi ni afya ya jamii, mwanafunzi anapotoka hospitalini akaingia majumbani. Kwenye vichochoro vyetu hivi ambulensi haipiti. Mzee wa kisukari aliye ghorofani anamhitaji mtu ajuaye kukagua nyayo zake kabla kidonda hakijaoza.

Baadaye kuna mwaka 1 wa mafunzo kazini, na mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Hapo ndipo wengi huumia: chuo kisipoidhinishwa na Baraza, mwanao hatafanya mtihani huo, na bila leseni hana kazi. Ulizeni Baraza kabla ya kulipa karo.

Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, hufundisha shahada hii. Baiolojia na kemia msizibeze. Mwenye matokeo yake ya KCSE abaki, tuyatazame pamoja.