MASHITAKI YA WANAFUNZI YAPITE WAPI?

Maneno yaliyosemwa Kashuga mbele ya wafanyakazi wa mine na wazazi



Ninyi mliochimba koltani kule Rubaya, na ninyi mliochimba kasiteriti upande wa Walikale, mnajua mizani. Mchimbaji analeta mfuko, mtu anapima, anasema kilo zimepungua. Aliyeibiwa aende kushitaki wapi? Kama ni kwa yule yule mwenye kushika mizani, atarudi nyumbani amenyamaza.

Universite nayo ina mizani yake, ndiyo pointi. Mtoto wenu anakwenda Goma, Bukavu ao Kisangani kwa franka za jasho lenu. Mwalimu anafundisha, yeye mwenyewe anauliza mtihani, yeye mwenyewe anasahihisha. Wengi ni watu wa haki. Lakini yumo anayemwambia msichana: pointi zako njoo uzichukue kwangu usiku. Vijana wa inchi yetu wamekwisha kulipa jambo hili jina la mzaha: pointi zinazoambukizwa kwa ngono, kama vile ugonjwa. Watu wanacheka. Mimi sicheki. Msichana akikataa anarudia mwaka, na mwaka ule baba anaulipa kwa mawe.

Mwingine haombwi mwili, anaulizwa kabila. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 13, inakataza wazi kumbagua Mkongomani katika masomo kwa sababu ya kabila, dini, jamaa yake ao mahali anapokaa. Sisi wa Masisi tunajua kwa nini neno hili liliandikwa.

Juu ya wasichana kuna sheria ya 20 Julai 2006. Mtu anayetumia ukubwa wa kazi yake kumsumbua mwingine ili apate mwili wake anaweza kufungwa mwaka 1 hata miaka 12. Lakini sikilizeni vizuri: parke haifuati jambo hili kama mwenye kusumbuliwa hakushitaki. Kilio cha mama peke yake hakitoshi. Basi mtoto akiogopa kusema, sheria yote inalala.

Tutazame jirani zetu wa Uganda. Makerere iliandika kanuni zake juu ya usumbufu huu mwaka ule ule wa 2006. Miaka 12 ikapita. Katika 2018, baada ya makelele mengi, mkuu wa universite akachagua kamati, na Profesa Sylvia Tamale, mwanamke wa sheria, akaiongoza. Ikaonekana kwamba karatasi iliyokaa katika kabati haimlindi mtu, na njia ya kushitaki ilikuwa ndefu. Kanuni zikaandikwa upya. Wakaweka orodha ya watu, na kwa kila shitaki wachache wanachaguliwa humo kulichunguza.

Nasi tuwaombe wakubwa wa universite zetu vile vile. Anayepokea shitaki asiwe mtu wa fakilte ya mwenye kushitakiwa. Mtihani wa mtoto usahihishwe na mwalimu mwingine mpaka maneno yaishe. Siku ya kujibu iandikwe. Na mwalimu naye asikilizwe, maana masingizio yapo, na mtu hafukuzwi kazi kwa uvumi wa koridoo.

Wababa, ninyi nanyi! Wako wanaopokea mbuzi na kusema maneno yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Binti hakuulizwa.

Mtoto akirudi na habari ya namna hii, msimuulize kwanza alikuwa amevaa nini. Mwambieni aandike siku, saa, mahali, na nani alisikia. Ujumbe ulio katika simu asiufute. Barua ipelekwe na kopi yake, na ile kopi ipigwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake. Karani akikataa muhuri, jina lake liandikwe chini ya barua, pamoja na saa.