Lenzi Gani Zinatufaa Mpanda? Kioo, Plastiki na Vumbi Letu

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, Mpanda mjini)



Tunashukuru kupewa nafasi hii kabla ya chakula, na tunaahidi kutochelewesha ugali. Hapo mezani mnaliona boksi. Limejaa miwani iliyokwisha kutumika, iliyokusanywa na marafiki zetu ng'ambo. Ni boksi la tatu. Mawili ya kwanza tuliyapokea kwa vigelegele na tukayagawa. Leo tunakuja kuomba kamati zikubali tusipokee la nne, na kwamba fedha ambayo ingesafirisha boksi inunue lenzi mpya. Tunajua ombi hili ni zito, maana baadhi ya waliokusanya miwani hiyo wamekaa nasi humu ndani. Ndiyo sababu tumeomba muda wa kueleza.

Katika ugawaji wa boksi la pili alikuja baba mmoja anayeponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Karibu haoni vizuri, na anapotenganisha vipande vya mawe anahitaji kuona. Tulimjaribisha miwani kadhaa mpaka ikapatikana iliyomfaa. Akafurahi, nasi tukapiga picha. Wiki chache baadaye kibanzi cha jiwe kiliruka kutoka kwenye nyundo kikagonga lenzi, na lenzi ikapasuka vipande. Kope ilichanika. Mboni, tunamshukuru Mungu, ilipona. Lenzi zile zilikuwa za kioo. Sisi ndio tuliompa, kwa mikono yetu wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu siku ile aliyejua kutofautisha kioo na plastiki. Yeye hakutulaumu. Aliuliza tu kama tuna nyingine.

Tangu hapo tumejifunza, na tungependa mjifunze nasi. Chukueni miwani yoyote mliyovaa. Iguseni lenzi shavuni: kioo ni cha baridi, plastiki haina baridi ile. Igongeni polepole kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali, plastiki hutoa sauti nzito. Halafu ipimeni mkononi. Kioo cha miwani kina uzito wa takribani gramu 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na plastiki ya kawaida gramu 1.3. Maana yake lenzi mbili ambazo zikiwa za kioo zingekuwa na gramu 20, zikiwa za plastiki zenye ukubwa huohuo zitakuwa kama gramu 10. Gramu 10 si kitu sokoni. Juu ya pua, kutwa nzima, kwa mama anayeinama kupepeta mpunga, ni tofauti ya kuvaa miwani au kuiacha juu ya kabati.

Hiyo plastiki ya kawaida inaitwa CR-39. Herufi hizo ni kifupi cha jina la utomvu uliotengenezwa Marekani miaka ya 1940, na 39 ni namba ya jaribio lililofaulu. Haikubuniwa kwa ajili ya macho hata kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye matangi ya mafuta ya ndege za kivita. Vita vilipokwisha, mtaalamu mmoja wa miwani huko California, Robert Graham, aliichukua akaanza kutengeneza lenzi mwaka 1947. Tunaona ni jambo la kufurahisha kwamba kitu cha ndege za kuangusha mabomu ndicho kinachowasaidia wazee wetu kusoma maandishi madogo ya Mwimbieni Bwana. CR-39 hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na kioo, huonyesha vitu kwa usafi bila rangi za pembeni, na ikivunjika haitoi vijembe vingi kama kioo. Bei yake ni ya chini kuliko plastiki nyingine nzuri.

Ila inakwaruzika. Hapa tuwe wakweli, kwa sababu hili ndilo swali ambalo mjumbe mmoja kutoka upande wa Karema alituuliza kwa ukali kwenye kikao kilichopita: kama plastiki inakwaruzika, kwa nini tusirudi kwenye kioo? Alitueleza kuhusu bibi yake, ambaye miwani yake ya kioo imedumu miaka mingi, iko wazi kama maji. Hatuna jibu la kumshinda. Kwa mikwaruzo, kioo kinaishinda plastiki yoyote. Bibi anayeketi barazani akishona vitambaa hana sababu ya kuitupa miwani yake, na tafadhali asiitupe. Lakini hatuwezi kununua kioo kwa ajili ya watu wanaopanda pikipiki, wanaopasua kuni na kuponda mawe, au watoto wanaocheza mpira. Marekani ilianza kudai mwaka 1972 kwamba lenzi za miwani ziwe zinahimili kishindo. Kipimo chao ni rahisi kueleweka: gololi ya chuma ya gramu 16 hivi inadondoshwa juu ya lenzi kutoka kimo cha sentimita 127, na lenzi isivunjike. Kioo kinaweza kuimarishwa kwa moto au kemikali mpaka kipite jaribio hilo, lakini nani ndani ya boksi lile atatuambia kipi kimeimarishwa na kipi hakikuimarishwa?

Tukija kwenye vumbi, wote mnalijua. Lami imefika, tunashukuru, lakini ukitoka barabara kuu kwenda Mwese au Mishamo wakati wa kiangazi, kila kitu ni chekundu. Vumbi hilo lina punje za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki, tena ni mgumu hata kuliko kioo. Mtu anavua miwani, anaipuliza, anaifuta kwa ncha ya kanga au kwa shati. Hapo hafuti, anasugua kwa msasa. Tumeona lenzi mpya zikiwa na ukungu ndani ya miezi mitatu, na mwenye miwani anatuambia macho yake yameharibika zaidi. Macho hayajaharibika. Ni lenzi. Dawa yake haihitaji mfadhili: maji kwanza, vumbi litiririke, sabuni kidogo ya kawaida, kisha kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Tunaomba wainjilisti walitangaze hili baada ya ibada, hata mara nne kwa mwaka.

Watengenezaji nao hupaka lenzi ngozi nyembamba iliyo ngumu ili kupunguza mikwaruzo. Tumeamua kutonunua lenzi isiyo na ngozi hiyo. Hata hivyo ngozi ina adui wake, ambaye ni joto. Plastiki ikipata joto hutanuka kuliko ngozi iliyo juu yake, na ngozi hupasuka mistari midogo kama tope lililokauka. Dereva akiacha miwani juu ya dashibodi hapa Mpanda mwezi wa kumi, asitulaumu.

Sasa plastiki ya pili, polikaboneti. Ilivumbuliwa mwaka 1953 Ujerumani na Marekani, karibu kwa wakati mmoja, na imetumika kwa miwani ya macho tangu miaka ya 1980. Ni nyepesi kuliko CR-39, hukinga vizuri mionzi ya urujuanimno ya jua bila kuongezewa kitu, na sifa yake kubwa ni kwamba ni vigumu mno kuivunja. Ukiigonga kwa nyundo hubonyea. Kasoro zake ni mbili. Yenyewe ni laini sana, hivyo bila ile ngozi ngumu haifai kabisa. Pia inaogopa baadhi ya kemikali, kama asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na petroli. Fundi wa pikipiki anayesafisha miwani kwa petroli, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, ataikuta imepata nyufa. Kwa namba kubwa huleta pia rangi kidogo pembeni, lakini kwa namba zetu nyingi mtu hataona.

Ziko nyingine. Ipo Trivex, iliyotoka mwaka 2001, nyepesi kuliko zote na ngumu, ila bei yake si ya kwetu. Zipo pia zile nyembamba sana za watu wenye namba kubwa. Mgeni wetu mmoja alipendekeza hizo kwa nia njema, tukamjibu kwamba zinamfaa mtu wa namba kubwa kama 8, wakati wengi wanaokuja kwetu wanahitaji kati ya +1.00 na +3.00 za kusomea. Kwa namba ndogo hivyo unene haupungui kwa kiasi cha kuhalalisha gharama.

Na wanaohitaji ni wengi. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 40 na zaidi, asilimia 62 hivi walikuwa na tatizo la kuona karibu. Hawakuwa wafanyakazi wa ofisini. Walikuwa wakulima kama wetu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Bangladesh: watu wa vijijini waliopewa miwani ya karibu walionekana, baada ya miezi minane, kuwa na kipato cha juu kwa theluthi moja kuliko wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa. Kwa fundi cherehani wa Katumba jambo hilo halihitaji utafiti.

Turudi kwenye boksi. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha hesabu ya miwani iliyotumika: katika miwani 275 waliyoichambua, asilimia 7 tu ndiyo iliyofaa kutumika tena, na kufikisha moja iliyofaa kuligharimu karibu mara mbili ya mpya iliyo tayari. Tulipochambua la kwetu tulikuta hali ileile. Nyingi zina namba tofauti jicho la kulia na la kushoto, kwa sababu zilitengenezwa kwa mtu mmoja tu duniani. Nyingine zina mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza. Na ndani yake, zimechanganyika, ziko za kioo.

Kuna mfano tulioupenda. Mwalimu mmoja wa Ujerumani, Martin Aufmuth, alianzisha chama mwaka 2012 kinachotengeneza miwani kwa fremu ya waya na lenzi za polikaboneti zilizokwisha kukatwa. Fundi huipinda fremu kwa mashine ya mkono isiyohitaji umeme, na malighafi ya miwani moja hugharimu kama dola moja. Inafanyika Malawi na Burkina Faso. Hatusemi tuige kesho, lakini inatuonyesha kwamba lenzi mpya si anasa.

Kwa hiyo tunaomba aina mbili tu katika bajeti: CR-39 yenye ngozi ngumu kwa wazee, washonaji, walimu na wakulima walio wengi, na polikaboneti kwa watoto wote, wachimbaji na waendesha bodaboda. Hii ya pili itapunguza idadi ya miwani tutakayonunua, na tunajua kuna sharika zitakazosubiri zamu. Tumelijadili ofisini kwa muda mrefu na hatukukubaliana wote. Upimaji utafanywa na mtaalamu aliyesomea, kama wale wanaofundishwa KCMC Moshi, si na sisi tena, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho hatasaidiwa na lenzi ya aina yoyote. Anahitaji upasuaji.

Yule baba wa machimbo amewekwa wa kwanza kwenye orodha ya polikaboneti, mkiipitisha.

Sasa tunapitisha trei yenye lenzi sita. Igongeni, ipimeni mkononi, mseme ipi ni kioo. Mbili zina ncha zilizovunjika, basi watoto wasizishike, na tunaomba zirudi zote sita kabla hatujaenda kula.